Shahidi Yuko Ng'ambo: Kupata Ushahidi Nje ya Nchi katika Mashauri ya Madai



Naomba bahasha hii ipite mkono kwa mkono wakati nikizungumza. Ni ya kaki, pembe zake zimelika, na juu yake kuna mihuri saba ya wino wa rangi mbalimbali. Ilitoka masjala ya mahakama moja ya pwani, ikapanda ngazi za serikali hadi Wizara ya Mambo ya Nje, ikavuka bahari, ikakaa huko, kisha ikarudi kwa njia ileile. Safari nzima ilichukua miezi 14. Ndani mna barua ya ukurasa mmoja na nusu niliyoiandaa mimi, na juu yake imebanwa karatasi ndogo kutoka mamlaka ya nchi ile. Ina sentensi mbili tu: ombi halitaji hati mahususi inayotakiwa, ombi halina tafsiri.

Mteja wangu alikuwa mjane wa baharia. Mumewe alianguka kwenye ngazi ya shehena meli ikiwa imefunga gati bandari ya mbali, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Wakala aliyemwajiri hapa nchini alijitetea kwamba marehemu hakuwa zamu usiku ule. Ubishi huo ungeweza kumalizwa na vitu viwili: kitabu cha kumbukumbu za meli cha siku ile, na maneno ya fundi wa pili wa mitambo aliyekuwa naye. Vyote viwili vilikuwa ng'ambo. Nami nikaandika kuomba "nyaraka zote zinazohusu" kifo cha marehemu. Maneno hayo matatu yalimgharimu yule mama mwaka mzima na zaidi, na kosa lilikuwa langu.

Waandaaji wameniomba nieleze kanuni za kisheria za kukusanya ushahidi nje ya nchi kwa ajili ya mashauri ya madai. Nitazieleza, lakini kuna jambo moja nataka lisipotee kati ya vifungu. Mashauri mengi yenye shahidi ng'ambo hayafi kwa kukosa sheria. Yanakufa kwa sababu tunaomba tukiwa tumechelewa, na tunaomba kwa sauti ya kuamuru. Mahakama inayoiandikia mahakama ya nchi nyingine inapiga hodi kwa jirani. Mpiga hodi hutaja jina lake, humtaja anayemtafuta, na husema shida iliyomleta.

Wito unaishia Horohoro

Wito wa mahakama ya Tanga unamfunga mkazi wa Horohoro. Ukivuka kizuizi ukaingia Lunga Lunga, upande wa Kenya, wito uleule unabaki karatasi. Hakimu wa Tanga hawezi kumtia adabu aliyeupuuza, wala polisi wa Kwale hana wajibu wa kumkamata. Amri ya mahakama ni tawi la mamlaka ya dola, na dola ina mipaka.

Hilo tunalijua wote. Tusilolijua vizuri ni kwamba kule upande wa pili, hata kuuliza maswali tu kunaweza kuwa kosa. Sisi tuliorithi sheria za Uingereza tumezoea wakili kukaa na shahidi wake, kumsikiliza, kuandika maelezo yake na kumwapisha mbele ya kamishna wa viapo. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya Ufaransa au Ujerumani, kuchukua ushahidi ni kazi ya hakimu mwenyewe, na mgeni anayeifanya bila ruhusa anaonekana ameingilia kazi ya dola. Uswisi ina kifungu cha 271 cha Sheria ya Jinai kinachoweza kumpeleka gerezani mtu anayefanya katika ardhi yake, bila idhini, kazi ya kimamlaka kwa niaba ya nchi ya kigeni. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1968 na kuikaza mwaka 1980, ikikataza kukusanya habari za kiuchumi na kibiashara nchini humo kwa ajili ya kesi za nje bila kupitia mikataba ya kimataifa. Wengi walidhani ni sheria ya kutishia tu, mpaka Desemba 2007 mahakama ya juu kabisa ya makosa ya jinai nchini humo ilipoidhinisha faini ya euro 10,000 dhidi ya wakili aliyemdodosa mtu aliyewahi kuwa katika bodi ya kampuni ya bima, kwa ajili ya shauri lililokuwa likiendelea Marekani.

Nalisema hili kwa sababu ya wateja wetu wa Kariakoo. Mfanyabiashara amelipia kontena la bidhaa kutoka Guangzhou, limefika na mzigo usio wake, na sasa anataka wakili wake amwite meneja wa ghala kule kwenye mkutano wa video atoe ushahidi kesho asubuhi. Sheria ya China ya mwenendo wa madai haimruhusu mtu wa nje kuchukua ushahidi ndani ya nchi hiyo bila idhini ya mamlaka husika. Kabla hujabonyeza kitufe cha kumpigia shahidi, uliza kwanza kama nchi aliyokaa inaruhusu.

Mashamba ya chai ya Kericho

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Kenya, na ningependa tuutulie kidogo.

Wafanyakazi saba wa mashamba ya chai ya kampuni ya James Finlay (Kenya) huko Kericho walidai fidia kwa maumivu ambayo walisema yalitokana na kazi ya kuchuma na kubeba majani. Kampuni imesajiliwa Scotland, kwa hiyo walifungua mashauri yao kule, katika mahakama ya madai ya majeraha iliyopo Edinburgh. Ili mahakama ijue kazi inavyofanyika, wataalamu walihitaji kufika shambani: waone miteremko, wapime mzigo, waangalie mgongo unavyoinama. Mahakama ya Scotland ikatoa amri ya ukaguzi wa eneo.

Eneo lenyewe lilikuwa Kericho. Kampuni ikaenda mahakama ya kazi ya Kenya kupinga amri hiyo kutekelezwa ndani ya Kenya bila mahakama za Kenya kushirikishwa. Ikashinda. Wafanyakazi wakakata rufaa, wakashindwa. Wakapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 31 Machi 2023 Mahakama ya Juu ikasema vilevile: amri ya mahakama ya nje haijipi nguvu yenyewe katika ardhi ya Kenya. Njia ilikuwepo, na ni ya siku nyingi: mahakama ya Scotland iandike barua ya ombi kwa mahakama ya Kenya, na mahakama ya Kenya iamue kama itasaidia na kwa namna gani.

Nimesikia wenzetu wakiisoma hukumu ile kama ushindi wa mwajiri dhidi ya wachuma chai. Naelewa uchungu huo, maana miaka ilikwenda na migongo haikusubiri. Lakini kisheria mahakama haikusema ushahidi usichukuliwe. Ilisema mlango upo, ubishwe. Kinachoniumiza mimi ni kwamba barua moja, iliyoandikwa mapema na kupelekwa panapohusika, huenda ingeokoa safari ya mahakama tatu.

Na mgeuze mfano huo upande wa pili. Siku mahakama yetu ya Mbeya itakapohitaji mtaalamu akague mtambo Johannesburg, tutapenda watupokee vipi? Tutakavyowapokea wengine ndivyo tutakavyojenga hoja ya kupokelewa.

Sheria tuliyo nayo mkononi

Tanzania Bara ina Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, iliyotungwa mwaka 1966 ikiwa na sura na umbo la sheria ya India ya 1908 iliyotangulia kutumika hapa. Amri ya XXVI ndiyo inayohusu jambo letu. Inaruhusu mahakama, ikiridhika kwamba ushahidi wa mtu aliye nje ya nchi ni wa lazima, kutoa ama kamisheni, yaani kumteua mtu wa kumhoji shahidi kule alipo, au barua ya ombi kwa mahakama ya kule. Kenya ina masharti yanayofanana, kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai na Amri ya 28 ya kanuni zake za mwaka 2010. Zanzibar ina sheria yake, Sura ya 8. Mlango wa kuingilia unafanana pia: mahakama zetu zinaweza kuchukua ushahidi hapa kwa ombi la mahakama ya nje.

Neno la kushika hapo ni "lazima". Mahakama haitoi barua kwa sababu shahidi yuko mbali na nauli ni kubwa. Hati ya kiapo inayoambatana na maombi ionyeshe shahidi huyo anajua nini ambacho hakuna mtu wa hapa anakijua, jambo hilo linagusa hoja ipi ya mabishano, na kwa nini hawezi kuja. Nimeona maombi yakitupwa kwa sababu kiapo kilisema tu kwamba shahidi ni "muhimu sana". Umuhimu hauapwi, unaonyeshwa.

Kuna sharti jingine ambalo mawakili vijana hulisahau mpaka siku ya mwisho. Maelezo yaliyochukuliwa kwa kamisheni hayasomwi mahakamani hivihivi kama mpinzani hakubali. Lazima uonyeshe kwamba shahidi bado yuko nje ya mamlaka ya mahakama, au amefariki, au ni mgonjwa asiyeweza kuhudhuria, au mahakama yenyewe iamue kwa sababu zake. Shahidi akirudi likizo Moshi siku ile ile unayotaka kusoma maelezo yake, utaulizwa kwa nini hayupo kizimbani.

Watu huchanganya pia njia ya madai na ile ya jinai. Tanzania ina Sheria ya Kusaidiana katika Masuala ya Jinai, Sura ya 254, na Kenya ina sheria ya 2011 ya kusaidiana kisheria. Hizo ni za waendesha mashtaka na wapelelezi. Mjane wa baharia hawezi kuzipanda.

Hague, 1970

Mkataba mkuu wa dunia katika jambo hili ulikamilishwa Hague tarehe 18 Machi 1970, ukaanza kutumika Oktoba 1972. Unahusu kuchukua ushahidi nje ya nchi katika mambo ya madai na biashara. Zaidi ya nchi 60 zimo. Uingereza na Marekani zimo tangu miaka ya sabini, China na Afrika Kusini tangu 1997, India tangu 2007. Yaani zimo nchi kadhaa ambazo wafanyabiashara wetu wanauziana nazo, na ambako ndugu zetu wamehamia.

Tanzania haimo, na Kenya haimo.

Ukiwa ndani, kila nchi inateua mamlaka kuu moja ya kupokea barua za ombi. Mahakama haiandikii wizara ikisubiri balozi apate nafasi; inapeleka kwa mamlaka hiyo. Ibara ya 3 inataja yanayopaswa kuwemo ndani ya barua. Ibara ya 9 inaitaka mahakama inayoombwa itekeleze haraka, kwa taratibu zake yenyewe, na hata kwa utaratibu maalumu ulioombwa ikiwa haupingani na sheria yake. Ibara ya 10 inampa shahidi mkaidi adhabu ileile ambayo angeipata katika shauri la nyumbani. Ibara ya 12 inabana sababu za kukataa: kazi isiwe nje ya majukumu ya mahakama, na isihatarishe mamlaka au usalama wa nchi. Gharama, kwa kawaida, hazidaiwi, isipokuwa za wataalamu na wakalimani na za utaratibu maalumu.

Mkataba una mwiba wake. Ibara ya 23 inairuhusu nchi kutangaza kwamba haitatekeleza maombi ya kufukua nyaraka kabla ya kesi kusikilizwa, kama wafanyavyo Wamarekani. Nchi nyingi zimetangaza hivyo. Nao Wamarekani wana msimamo wao. Mwaka 1980 ndege ndogo iliyotengenezwa Ufaransa ilianguka Iowa; majeruhi wakaishtaki kampuni ya Aérospatiale na kutaka nyaraka zilizokuwa Ufaransa. Kampuni ikasema: piteni Hague, sheria ya kwetu inatukataza kutoa vinginevyo. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ikajibu kwamba mkataba ni njia mojawapo tu, wala haufungi njia nyingine. Kwa hiyo hata waliosaini pamoja hawaelewani kila siku. Hiyo si sababu ya sisi kukaa nje. Aliye ndani ya baraza anaweza kubishana. Aliye nje anasubiri kuambiwa kilichoamuliwa.

Kwa sasa tuliobaki nje tuna kamba moja ya kushika, nayo ni Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa 1963, ambao nchi zetu zimo. Ibara ya 5 inahesabu miongoni mwa kazi za konseli kupeleka nyaraka za mahakama na kutekeleza barua za ombi au kamisheni za mahakama za nchi yake, kwa mujibu wa mikataba iliyopo, na pasipo mkataba, kwa namna yoyote isiyovunja sheria za nchi aliko. Mtanzania aliyeko Muscat akiwa tayari kwa hiari yake kutoa maelezo, mlango wa ubalozi wetu ni wa kuanzia. Konseli hawezi kumlazimisha shahidi, lakini mashahidi wengi hawahitaji kulazimishwa. Wanahitaji kuulizwa na mtu mwenye mamlaka ya kuwaapisha. Hata hivyo iulizwe kwanza sheria ya nchi mwenyeji.

Kuiandika barua

Nirudi kwenye bahasha yangu.

Mwaka 1977 mabwana wa sheria wa Uingereza, katika Baraza la Malodi, waliamua kesi ya Rio Tinto Zinc na Westinghouse. Kampuni ya Westinghouse ilikuwa imeshtakiwa Virginia na makampuni ya umeme kwa kushindwa kuyapelekea madini ya urani. Ikataka kuthibitisha kwamba wauzaji wa urani walikula njama ya kupandisha bei, na ikaja London na barua ya ombi ikitaka nyaraka na maofisa wa Rio Tinto. Ilikataliwa kwa sababu kadhaa, zikiwemo haki ya mtu kutojitia hatiani na pingamizi la serikali ya Uingereza yenyewe. Lililo la faida kwetu ni hili: sheria ya Uingereza ya 1975 inataka hati itajwe mahususi. Mahakama haitamwamuru mtu apekue makabati yake na kueleza ana nini. Itamwamuru atoe hati fulani, ya tarehe fulani, inayoaminika kuwa mikononi mwake.

Kwa hiyo katika barua ya pili ya yule mjane nilifuta "nyaraka zote zinazohusu". Niliandika: kitabu rasmi cha kumbukumbu za meli, kurasa za siku mbili, ile ya ajali na ile ya kesho yake, orodha ya zamu za idara ya mitambo kwa juma hilo, na ripoti ya ajali iliyotiwa saini na nahodha. Nilijua zipo kwa sababu nilimtafuta baharia mzee mmoja, aliyestaafu Tanga, nikakaa naye barazani mchana mzima anieleze karatasi gani huandikwa mtu anapoumia melini, anaziandika nani, nakala ngapi, na kila nakala inakaa kwa nani. Mchana ule barazani ulinifaa kuliko kitabu chochote cha sheria nilichowahi kufungua.

Kwa fundi wa pili sikuandika "ahojiwe kuhusu ajali". Niliandika maswali 19, mafupi, kila moja likiwa na jambo moja. Ulipangiwa zamu gani usiku huo? Nani aliipanga? Uliiona orodha ikiwa imebandikwa wapi? Hakimu wa ng'ambo hajui faili letu. Haoni hati ya madai. Atasoma maswali hayo kama yalivyo na kuandika majibu. Usipompa maswali, atauliza lile analoona linafaa, na huenda lisiwe lile lililokuleta.

Nikaweka maelezo ya shauri kwa aya nne: nani anadai nini, nani anakana nini, na kwa nini zamu ndiyo kitovu cha mabishano. Nikaomba mpinzani ajulishwe tarehe na mahali ili wakili wake awepo au apeleke maswali yake ya dodoso. Ombi hilo la mwisho ni la haki, na pia ni la busara, kwa sababu ushahidi uliochukuliwa bila dodoso unafika mahakamani ukichechemea.

Halafu lugha. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama za Tanzania, na mimi ni miongoni mwa waliofurahi. Lakini jaji wa Ugiriki au Korea hana wajibu wa kukijua. Barua iende na tafsiri iliyothibitishwa, kwa lugha ya mahakama inayoombwa. Mkataba wa Hague wenyewe unaelekeza hivyo, ukikubali pia Kiingereza au Kifaransa pale ambapo nchi haijakataa. Na tafsiri ifanywe na mtu anayejua sheria. Niliwahi kuona "mdaiwa" likitafsiriwa kuwa mtu mwenye deni, na "mdai" kuwa mkopeshaji, katika shauri lisilohusu mkopo hata kidogo.

Na ndugu zangu wa masjala, huu ndio wito wangu kwenu: barua ikitoka, iandikwe kwenye daftari lake lenyewe, na kila mwezi mtu apige simu kuuliza imefika wapi. Mashauri yetu yana ukomo wa miezi. Barua isiyofuatiliwa inalala kwenye trei ya mtu aliyehamishwa.

Njia ya mkato ya Marekani

Nitaipitia haraka, ila msiidharau. Sheria ya shirikisho ya Marekani, kifungu cha 1782 cha Juzuu ya 28, inamruhusu hata mdaawa mwenyewe, si mahakama pekee, kwenda moja kwa moja kwenye mahakama ya wilaya ya shirikisho na kuomba mtu anayeishi au kupatikana katika wilaya hiyo atoe hati au ushahidi kwa ajili ya shauri la nchi nyingine. Haidai nchi yako iwe imesaini mkataba wowote. Mwaka 2004, katika kesi ya Intel na AMD, Mahakama ya Juu iliifafanua kwa upana, huku ikiziachia mahakama za chini hiari ya kupima. Mwaka 2022 iliifunga kwa mabaraza binafsi ya usuluhishi ya nje. Anayedai nyumba ya urithi Upanga, na ndugu yake amekaa Texas na barua za marehemu, na aifikirie njia hii.

Shahidi kwenye skrini

Tanzania ilipata kanuni za uendeshaji wa mashauri kwa mbali mwaka 2021, na sasa tunaona kila siku mashahidi wakizungumza kutoka kwenye televisheni ya ukutani. Ni neema kubwa. Uingereza ilishalipima jambo hili mapema, katika kesi ya Polanski na Condé Nast ya 2005. Mwongoza filamu huyo alikuwa amelishtaki jarida kwa kumkashifu, lakini hakutaka kukanyaga London kwa kuogopa kupelekwa Marekani. Malodi watatu kati ya watano wakamruhusu atoe ushahidi akiwa Paris.

Lakini mwaka 2021 baraza la rufaa la uhamiaji la Uingereza, katika kesi ya Agbabiaka, lilikumbusha tulichokianzia leo: shahidi aliye kwenye skrini anatoa ushahidi katika ardhi ya nchi aliyokaa, na nchi hiyo inaweza kuwa na neno. Iulizwe kwanza.

Nami nina ombi la ziada, linalotokana na nililoliona kwa macho yangu. Shahidi wa upande wa pili alikuwa nyumbani kwake, Ulaya. Kila swali gumu macho yake yalihamia kushoto, kisha jibu likaja limenyooka. Niliomba kamera izungushwe. Kulikuwa na mtu kitini. Tangu siku hiyo huomba masharti yaandikwe kwenye amri kabla ya tarehe: shahidi akae ofisi ya ubalozi au ya mthibitishaji wa umma, awepo ofisa wa kumtambua na kumwapisha, chumba kizima kionekane, na nyaraka atakazoulizwa ziwe zimefika kwake zikiwa kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri.

Yaliyofichwa kwenye makabati

Ningekuwa sijatenda haki nisipotaja shauri la wazee wa Mau Mau. Wakenya hao waliishtaki serikali ya Uingereza London kwa mateso ya miaka ya hamsini. Serikali ilisema muda umepita mno na mashahidi wamekufa. Ndipo ilipobainika, mwaka 2011, kwamba huko Hanslope Park, Uingereza, kulikuwa na majalada yapatayo 1,500 yaliyosafirishwa kutoka Kenya wakati wa uhuru, ambayo hayakuwa yamefunguliwa kwa umma. Julai 2012 wazee wakapanda ndege, wakasimama mbele ya Jaji McCombe wakasema yaliyowapata. Oktoba mwaka huo jaji akaruhusu madai ya watatu yaendelee, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba karatasi zilikuwepo tele kiasi cha kuwezesha kesi ya haki. Juni 2013 serikali ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, zikihusu wadai 5,228.

Nawaza mara nyingi juu ya wale ambao karatasi zao hazikuonekana.

Tunaloweza kulifanya sisi wenyewe

Kujiunga na Hague ni kazi ya serikali, na Chama chetu cha mawakili kinapaswa kuisukuma. Rwanda na Burundi zimeshajiunga na mkataba mwingine wa Hague, ule wa 1961 unaorahisisha uthibitishaji wa hati za umma, na hati zao hazizungushwi tena ubalozi hadi ubalozi katika nchi zilizomo. Huo ni ushahidi kwamba jambo linawezekana kwa majirani zetu wenye mahakama ndogo kuliko zetu.

Lakini kati yetu wenyewe, kwa nini barua kutoka Arusha kwenda Nairobi ipitie mawaziri wawili wa mambo ya nje? Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ibara ya 126, unataka ushirikiano katika mambo ya sheria na mahakama. Itifaki fupi ya ushahidi wa madai, msajili kwa msajili, kwa Kiswahili bila tafsiri pale pande zote mbili zinapokielewa, ingewafaa wanawake wanaodai matunzo ya watoto kwa baba aliyehamia Kampala, na wafanyabiashara wa mahindi wa Namanga. Wajumbe wa kamati ya sheria wamo humu ukumbini. Rasimu ya kurasa sita ninayo kwenye mkoba, na ningependa tuisome pamoja jioni.

Mchana huu tutagawanyika makundi. Kila kundi litapewa hati ya madai ya kubuni na litaandika barua ya ombi, na kiapo cha kuiombea. Nimewaambatishia nakala ya barua zangu mbili, ya kwanza na ya pili, majina yakiwa yamefunikwa. Ya pili ilirudi baada ya miezi mitano. Ilikuwa na kurasa mbili za kitabu cha meli, orodha ya zamu, na majibu ya fundi kwa maswali 17 kati ya 19. Kwenye orodha, mstari wa nne kutoka juu, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, lilikuwepo jina la marehemu, na mbele yake saa za zamu: kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita.